Firigisi ya Rubani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Si kwamba naiogopa dunia. Ni kwamba dunia haina kochi langu. Miaka hiyo ya tisini, vijana wenzangu wa mtaa wetu wa Fedha, Nairobi, tuliomaliza nao kidato cha nne walikuwa wanahangaika kutafuta njia ya kwenda ng'ambo. Mimi nilikuwa sebuleni kwa mama natengeneza redio na pasi za majirani. Safari yangu ndefu ilikuwa ya Eastleigh kununua spea, na hata hiyo nilirudi nikiwa nimechoka kama aliyehiji kwa miguu. Nikifika nilivua viatu, nikalala chali, nikaapa sitatoka tena mwezi huo.

Ndege ndizo zilizonijia mimi. Nyumba yetu ilikuwa chini ya njia yao, na kila ilipopita moja, vikombe kwenye kabati vilicheza. Mama alikuwa amejifunza kuzisoma kwa vyombo. "Vikombe peke yake, hiyo ni ya Kisumu," alikuwa akisema bila kuinua macho kwenye mboga. "Vifuniko vya sufuria vikijiunga, hiyo inaenda kwa wazungu."

Basi katika nyumba hiyo ya watu wasiokwenda popote, dada yangu mdogo akaenda akapata kazi ndani ya ndege zenyewe. Alivaa sketi ya kubana na skafu ya shingoni, akawa anagawa soda kati ya Nairobi na Kisumu, Nairobi na Mombasa. Mtaani tulimwona mkubwa. Yeye alijiona bado yuko darasa la kwanza. Shirika lao lilikuwa linangoja ndege mpya ya masafa marefu, ya kwenda London, Amsterdam na Bombay, na wahudumu wa ndege hiyo walikuwa wanachujwa kwa mtihani. Dada alikuwa ameufanya mara moja na kuanguka. Mwalimu wao, mama mmoja mrefu waliyemwita Madam na ambaye sikuwahi kusikia akiitwa jina lingine, alikuwa amemwambia kwamba anagawa chakula kama mtu anayegawa karatasi za mtihani.

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Wiki nzima alikuwa anatuwekea sahani mezani polepole, akitabasamu, mpaka mama akamuuliza kama ana homa.

Halafu jioni moja akaja mbio, hata skafu hajafungua.

"Ndege imefika!" akasema. "Na mtihani wa mwisho unafanyiwa ndani yake, na abiria wa kweli. Kila mmoja wetu alete watu kumi."

"Tunapelekwa London?" akauliza mjomba. Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama. Alikuwa amekuja kutoka magharibi kututembelea kwa siku chache, na siku hizo zilikuwa zimezaa nyingine.

"Hatuendi popote, Anko. Ndege inakaa pale pale chini. Mnapanda, mnafunga mikanda, mnaletewa chakula kama mnaosafiri, mnashuka."

Nilijisikia mwili ukisisimka. Safari ya ndege isiyokwenda popote! Nilikuwa nimeingoja maisha yangu yote bila kujua jina lake.

"Lakini sikilizeni," dada akaendelea, akitunyooshea kidole mmoja mmoja. "Mkishaingia, hamnijui. Watu wangu watahudumiwa na mwenzangu, na mimi nitahudumia wa wenzangu. Madam hataki upendeleo. Akijua nahudumia watu wa kwetu, anafuta mtihani wangu."

"Nisikujue vipi?" mama akauliza. "Si nimekuzaa?"

"Mama, kwa saa mbili tu hujanizaa."

"Na wakikufutia?"

Dada akaketi. "Hii ni mara ya pili. Hakuna ya tatu. Nitabaki na Kisumu mpaka nizeeke."

"Kisumu ina ubaya gani?" mjomba akauliza, akakaa wima.

"Haina ubaya, Anko. Lakini ukifungua soda, ndege imeshatua."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, tafadhali, usiniaibishe, usinichomee."

"Mimi huchoma waya tu," nikamwambia.

"Hiyo ndiyo midomo nisiyotaka kuisikia."

Tukakusanya watu kumi. Mama, mjomba na mimi tukawa watatu. Wa nne alikuwa jirani yetu mwenye duka, mama wa Kipwani ambaye mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa, mtu wa kanga mbili na maneno laini yenye miba ndani. Waliobaki walikuwa kina mama sita wa kwaya ya kanisani kwetu. Hawa mama aliwachagua kwa sababu, alisema, ni watu wanaojua kukaa kimya. Sikumbuki kuwaona wakikaa kimya hata siku moja, lakini sikuulizwa.

Siku yenyewe tulivaa kama tunaokwenda kuchumbia. Mjomba alivaa koti la sufu jua likiwaka, eti London kuna baridi. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimetumwa Mukuru kwa Njenga kumpelekea mteja pasi yake, na viatu vyangu vilirudi na nusu ya Mukuru. Nikavipangusa kwa gazeti nikaona vinatosha.

Ndege ilikuwa imesimama peke yake pembeni, nyeupe, ndefu, magurudumu yake yamezuiwa kwa magogo, na kando yake mtu mmoja ameegemea toroli la mizigo. Tulikuwa wa kwanza kupanda ngazi, maana mama hakuwahi kuchelewa mahali pa chakula. Bi Mkubwa ndiye aliyetangulia. Alipofika mlangoni akasimama ghafla, tukagongana nyuma yake kama mabehewa.

"Yallah," akasema. "Tazameni zulia."

Tukatazama. Lilikuwa zulia la buluu, jipya kabisa, halijakanyagwa na mtu. Sebule nzuri kuliko zote nilizowahi kuona ilikuwa ya mchungaji wetu, na zulia la mchungaji mbele ya hili lilikuwa gunia.

"Hatuingii na viatu hapa," Bi Mkubwa akatoa hukumu, akavua kandambili zake, akaziweka vizuri kando ya mlango, ncha zikitazama nje.

Nani angebisha? Mtu mwenye adabu akiona zulia anavua. Mama akavua, kina mama wa kwaya wakainama wote kuhangaika na vifungo, mjomba akaketi kwenye ngazi nikamsaidia kuvuta buti. Rundo la viatu likapanda pale mlangoni kama vile ndani kuna matanga. Mimi nilikuwa wa mwisho, na nilivua kwa shingo upande, kwa kuwa soksi yangu ya kushoto ilikuwa na dirisha na kidole gumba kilikuwa kinachungulia.

Huku nyuma watu walioletwa na wenzake dada wakatupita, viatu miguuni, bila haya. Wakajaza viti vya mbele na vya katikati. Tuliposimama wima, bila viatu, kijana wa mlangoni akatuangalia chini, akatuangalia juu, akasema, "Vimebaki vya nyuma tu. Nendeni mpaka mwisho."

Tukaenda mpaka mwisho. Na mwisho kabisa, karibu na jiko lao dogo, skafu imefungwa, nywele zimebanwa, tabasamu limewekwa kama picha ya pasipoti, alikuwa amesimama dada yangu.

Rangi ilimtoka. Aliangalia mbele, akaona hakuna kiti kitupu. Aliangalia miguu yetu, akaelewa yote. "Karibuni ndani," akasema kwa sauti ya redio.

"Asante, dada tusiyemjua," akajibu mjomba.

Nikamfinya.

Nikubali kwamba kwa dakika chache nilisahau shida yake. Ndege ile ilikuwa tamu. Viti bado vilikuwa vimevikwa nailoni, na mama aliipapasa kwa heshima, kwa kuwa kochi letu nalo lilikuwa na nailoni yake mwaka wa tano. Kijana mmoja alipokuja kuivua, mama akamshika mkono. "Iache, mwanangu. Mkitoa leo, kesho ni uchafu." Akakagua vitambaa vilivyowekwa mahali pa kuegemeza kichwa, akavigeuza nyuma kutazama mshono, akanong'ona kwamba ni vizuri lakini havikufumwa kwa mkono, na kwamba kwaya ingeweza kuvifuma vyote kwa mwezi mmoja kama shirika lingeuliza. Blanketi alilikunja upya. Alisema blanketi kama lile halipewi mgeni. Linawekwa kwenye sanduku mpaka mtoto aolewe.

Kila kiti kilikuwa na runinga yake ndogo mgongoni mwa kiti cha mbele. Hilo lilinigusa mimi binafsi. Nilianza kutafuta skrubu zake kwa kucha.

Mjomba alikwenda kukagua choo, akarudi upesi kuliko alivyokwenda. "Kile kitu kinanguruma," akatuambia. "Nimebonyeza kidogo tu, kikavuta hewa kana kwamba kinanitaka mimi."

"Kiti je, mzee?" Bi Mkubwa akamuuliza.

"Kiti ni kizuri. Kinalala. Lakini mtu akilala mbele yangu, kichwa chake kinakuja mapajani kwangu, na hatujasalimiana."

Mlango ukafungwa. Hapo ndipo mimi, mtu mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne, niliyeona kwa macho yangu magogo yaliyozuia magurudumu, nilishika kiti kwa mikono miwili nikafumba macho. Sauti ikatangaza kwamba tunaelekea London na tutakuwa angani kwa saa nane na zaidi. Nikaanza kusali. Nilipofumbua, mjomba alikuwa amegandamiza uso kwenye dirisha.

"Tumefika wapi?" nikamuuliza.

"Yule mtu wa toroli bado yuko pale pale," akasema. "Labda tunakwenda naye."

Chakula kikaja. Tukasikia harufu kabla ya kuona. Mbele huko karatasi zilikuwa zinafunuliwa, vijiko vinalia, mtu tayari anauliza kama kuna mkate mwingine. Matumbo yetu yalikuwa matupu tangu alfajiri, kwa kuwa mama alikuwa amekataza mtu kula nyumbani siku ya kwenda kula.

Dada akaja na toroli lake. Nyuma yake, hatua mbili, alikuja Madam, mrefu, kimya, saa yake akiitazama kila mara kama mganga anayehesabu mapigo ya moyo.

Dada akaanza na mama. "Kuku au samaki, mama?"

Sasa, msomaji wangu, kama wewe ni mtu wa kwetu huhitaji nikueleze. Kama si wa kwetu, jua hivi: kwetu mgeni hakubali chakula mara ya kwanza. Ukikaribishwa, unasema umeshiba, hata kama uliamka na njaa ukalala na njaa. Mwenyeji anasema, hapana, onja kidogo. Unasema, usijisumbue. Anasema, utaniudhi. Hapo sasa, kwa kumwonea huruma mwenyeji, unakula mpaka unafuta sahani. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na habari zake zinafika kijijini kabla yake.

"Asante, mwanangu, nimeshiba," mama akasema, akakunja mikono mapajani, akangoja.

Niliona jicho la dada likitetemeka. Alijua. Alilelewa kwa kanuni hiyo hiyo, mbele ya meza hiyo hiyo. Lakini Madam alikuwa nyuma yake, na kanuni ya Madam ilikuwa nyingine: uliza mara moja, kwa tabasamu, pita. Akimbembeleza mama huyu, itajulikana kwamba ni mama yake.

"Asante," dada akasema. Akapita.

Mama alimtazama akiondoka kama mtu aliyeona basi la mwisho likimpita.

"Kuku au samaki, mzee?"

"Ah, mimi nimekula juzi," mjomba akasema, akitegemea kubembelezwa.

Dada akapita.

Kina mama wa kwaya walikuwa wanamfuata mama katika kila jambo, sauti ya kwanza na ya pili. Alishiba huyu, wakashiba wote. Bi Mkubwa nikamtegemea, kwa kuwa yeye si wa magharibi. Naye akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya asali, "Starehe, mwanangu, starehe," ambayo kwao Pwani ni kitu kile kile, ila kimepakwa marashi.

Nikabaki mimi. Dada alinitazama. Macho yake yaliniambia: wewe hujawahi kukataa chakula tangu uzaliwe, niokoe. Kuku alikuwa pale, ndani ya karatasi ya fedha, akitoa mvuke. Nikafungua mdomo. Kiwiko cha mama kikaingia mbavuni. Mjomba hajala, mama hajala, mimi nile kwanza?

"Nimeshiba," nikasema. Tumbo langu likanguruma kuliko choo cha mjomba.

Toroli likarudi jikoni likiwa limejaa kama lilivyokuja. Tukakaa. Mama alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya aina mbaya, ya heshima. Akanong'ona, bila kugeuka, "Nimemlea mtoto gani huyu wa kuuliza watu mara moja?"

"Mama, si umeambiwa leo hujamzaa?"

"Ndiyo. Lakini nimemlea."

Madam alikuwa amesimama karibu na pazia la jiko. Nilimsikia akimwambia dada, kwa sauti ya chini lakini iliyonyooka, "Watu wa mbele wamekula wote. Wa kwako, hata mmoja. Umewaambia nini?"

"Nimewauliza, Madam. Wamesema wameshiba."

"Wote kumi?"

"Wote, Madam."

"London ni mbali. Nikikupa watu, utanifikishia maiti?"

Nilimwona dada akishika ukingo wa meza ya chuma. Nikajua Kisumu inamwita.

Madam akatoka, akatembea kati ya viti, akasimama penye kiti changu. Sijui kwa nini mimi. Nafikiri ni kidole gumba. Kilikuwa kimetoka dirishani chote, kinaonekana wazi.

"Bwana," akasema, "chakula chetu kina kasoro?"

"La, Madam. Kinanukia vizuri."

"Huduma je? Amekuudhi?"

Watu wetu tisa wakanitazama, na dada wa kumi. Nikisema ameniudhi, amekwisha. Nikisema hajaniudhi, basi kwa nini simli kuku? Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Shuleni niliwahi kupewa shairi nikalisahau lote isipokuwa kichwa chake. Lakini njaa ina ulimi wake.

"Madam," nikasema, "sisi hatujakataa. Tunangoja kukaribishwa."

"Si amewakaribisha?"

"Mara moja, Madam. Mara moja ni kuuliza tu. Kwetu mtu hali kwa kuulizwa."

"Kwenu wapi?"

Nikaona shimo mbele yangu. Nikisema kwetu ni wapi, atajua na kwa dada ni wapi. "Kwetu hapa nyuma," nikasema. "Sisi sote wa viti vya nyuma ndivyo tulivyo."

Akatutazama, safu kwa safu. Kina mama wa kwaya wakaitikia kwa vichwa, kwa pamoja. Bi Mkubwa akaongeza, "Mwanangu, hata ng'ombe huitwa mara mbili akija kunywa maji."

Madam akatazama saa yake. Halafu akafanya jambo ambalo sikutegemea: akaivua, akaitia mfukoni.

"Hao bibi watakaopanda kwenda kuona wajukuu London," akasema, akimgeukia dada, "ni hawa hawa. Rudi. Na sasa wakaribishe."

Lo! Mngemwona dada. Lile tabasamu la pasipoti likamdondoka usoni, likaja lake mwenyewe, lenye pengo la jino upande. Toroli likaja linakimbia.

"Mama, hebu onja hata kidogo."

"Usijisumbue, mwanangu."

"Mama, utaniudhi. Safari yote hii, ukashuke na njaa? Watu watasema nini juu yangu?"

"Basi, kwa sababu yako," mama akasema, na trei ilikuwa mapajani kabla sentensi haijaisha.

Akawapitia wote hivyo. Kina mama wa kwaya wakakataa kwa raha, wakakubali kwa raha zaidi. Bi Mkubwa alichukua samaki, akaulizia aliyepika wali, akaambiwa ni mpishi wa shirika, akasema anaonekana ni mtu mwenye haraka zake, lakini Mungu amzidishie. Mimi nilikataa mara moja tu, haraka haraka, kwa neno moja, nikamla kuku wangu pamoja na kitu kimoja cheupe ambacho baadaye niliambiwa ni cha kuwekwa kwenye chai.

Tukawa tumepona. Dada alikuwa amefika safu ya mwisho, shingo imelegea, karibu anaimba. Ndipo mjomba alipoinua kichwa kutoka kwenye trei yake. Alikuwa amegeuza kila kipande cha kuku kwa uma, akatazama chini yake, akafunua hata karatasi.

"Binti," akaita, "kuku huyu hakuwa na firigisi?"

Kwetu magharibi firigisi si nyama, ni cheo. Ni ya mwenye nyumba, au mwenye nyumba akipenda kumheshimu mzee aliyemtembelea, anampa. Kumpa mzee kuku asiye na firigisi bila kusema iko wapi ni kumwambia arudi kwake. Mjomba aliwahi kuondoka kwenye harusi kwa jambo hilo, na ilikuwa harusi ya mtoto wake.

Madam alikuwa ameegemea kiti, anasikiliza.

Dada hakubabaika. Alipiga goti kidogo, kama inavyompasa msichana anayesema na mzee, akashusha sauti.

"Ilikuwepo, mzee. Lakini hapa mwenye nyumba ni rubani. Tumempelekea."

Mjomba akafikiri. Akatazama mbele, kule kwenye mlango mdogo uliofungwa. Akafikiri tena. Kisha uso wake ukakunjuka wote.

"Ni haki yake," akasema. "Amebeba watu wengi." Akashika paja la kuku, akala mpaka mfupa ukang'aa.

Madam alikuwa ametugeuzia mgongo. Anatazama dirishani, mahali palipokuwa na yule mtu wa toroli tu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Wakati wa kushuka, wahudumu walijipanga mlangoni kutuaga. Mama alikuwa ameishika ahadi yake siku nzima, na kama angetoka haraka angefika nayo nyumbani. Lakini alipofika mbele ya dada akaona kola imekunjika. Akasimama. Akainyoosha. Akalamba kidole gumba, akamfuta doa la mchuzi shavuni.

"Mama," Madam akauliza kwa upole, "huyu unamfahamu?"

"Simjui kabisa," mama akasema. "Lakini mtoto wa watu hawezi kusimama mlangoni hivi."

Angekuwepo jogoo, angewika. Lakini jogoo wetu wa siku ile tulikuwa tumeshammaliza. Tukainama kutafuta viatu vyetu kwenye rundo.

Jioni dada alikuja nyumbani akaketi kwenye mkono wa kochi. Mama akazima jiko. Mjomba akazima redio, na haikuwa tabia yake.

"Alijua," dada akasema mwishowe. "Tangu mlipoingia alijua. Aliniambia, 'Yule kaka wa soksi mna pua moja.'"

"Wamekufutia," mama akasema.

"Nilimwambia anisamehe. Akaniambia kanuni ile aliiweka ili tusipendelee ndugu. Akasema tangu aanze kazi hajaona mtu anayependelea ndugu zake kwa kuwanyima chakula." Akaanza kucheka, na machozi yakaja katikati ya kicheko. "Naenda London, Mama. Wiki ijayo."

Kina mama wa kwaya walipopata habari, waliimba mpaka vifuniko vya sufuria vikacheza bila ndege.

Tangu hapo dada alikuwa mtu wa kuja na kwenda. Alituletea sabuni ndogo ndogo na habari za viwanja vya ndege. Mwaka ulipopita, akaja na jambo lingine: shirika lilikuwa linawapa wafanyakazi nafasi ya kumsafirisha ndugu mmoja. Mama alisema yeye London ameshakwenda, na kuku alikuwa mkavu kidogo. Dada akanigeukia mimi, nikiwa na redio ya mtu mapajani.

"Utaenda?"

Naapa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitaka kwenda. Nilitaka kuziona zile runinga zikiwaka. Nilitaka kujua mtu anajisikiaje yule mwenye toroli akibaki nyuma. Lakini mimi nimelelewa vizuri.

"Usijisumbue," nikasema. "Mimi hapa nipo sawa."

Nikangoja.

Dada aliniangalia. Nikaliona lile tabasamu la pasipoti likirudi usoni mwake taratibu, la makusudi, la kunichokoza. "Asante," akasema. Akapita. "Anko, na wewe?"

"Naenda," akasema mjomba, hata hajamaliza kuulizwa.

Akavaa lile koti la sufu, akaenda. Siku ya safari nilikuwa kwenye kochi. Vikombe vilicheza, vifuniko vikajiunga, mama akasema, "Hao," akaendelea na mboga yake.

Aliporudi, mtaa mzima ulikuja kumsikiliza. Tulimuuliza London ikoje. Akasema kuna baridi, kama alivyosema tangu mwanzo. Tukamuuliza ndege ikoje ikiwa juu. Akasema ni ile ile, ila mtu wa toroli hayupo. Kilichomjaa moyoni kilikuwa kingine. Rubani, katikati ya safari, alikuwa ametoka kwenye kile chumba chake akapita kusalimia abiria, na mjomba akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza kama firigisi ilikuwa imeiva vizuri.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alimwangalia kwanza dada yako, aliyekuwa nyuma yake," mjomba akasema. "Kisha akaniambia, 'Ilikuwa laini, mzee.' Yule ni mtu wa adabu. Unaweza kulala kwenye ndege yake."

Mama akaingia na sinia ya ugali na kuku, akaanza kuwakaribisha wageni. Wote wakasema wameshiba. Mimi nilikuwa nimeshanawa mikono.